Usihame makro kwa sababu ya Bellman

Mkuu uliyeuliza kama ubadili mchepuo wa masta, uache makro (uchumi wa nchi kwa ujumla), kwa kuwa wiki ya tatu tu lekchara ameshajaza ubao milinganyo ya Bellman, hesabu ya kuamua hatua kwa hatua, na digrii ya kwanza ulisoma makro ya michoro: tulia kwanza. Nami nilitoka hukohuko kwenye IS na LM, mistari miwili ya soko la bidhaa na soko la fedha ikatane, chora mshale, kazi imekwisha. Testi ya kwanza ya masta nilipata 31 kwa mia. Sikuwa nimezembea, nilikuwa nimemeza madesa.

Kilichonivusha ni gunia la mahindi. Mkulima amevuna. Atakachokula kimekwenda, atakachobakiza ndiyo mbegu ya mwakani, na mwakani atarudi kwenye swali lilelile. Bellman anasema usihangaike kupanga miaka yote kwa mpigo. Amua la leo, mradi unajua thamani ya kinachobaki ghalani. Mlinganyo wa Euler nao ni mizani: utamu wa debe la mwisho ulilokula leo ulingane na utamu wa mazao ambayo debe hilo lingezaa, ukishakata kidogo kwa ajili ya kungoja. Ramsey, mwanahisabati wa Cambridge, aliliuliza swali hili la akiba mwaka 1928, akiwa na miaka 25 (nasi tuko na thelathini na kitu tunalia), na hilo la kukata kwa ajili ya kungoja yeye hakulikubali, aliona si haki.

Sasa kaa na toleo dogo la modeli ya ukuaji ya Brock na Mirman, la 1972. Furaha ni logi ya unachokula, na mtaji wote unaisha ndani ya kipindi kimoja, kama mbegu. Weka alfa (nguvu ya mtaji kwenye mavuno) 0.3, beta (uzito wa kesho ukilinganisha na leo) 0.95. Ukikokotoa kwa mkono unakuta mkulima anapanda alfa mara beta, yaani 0.285 ya mavuno, mwaka wa njaa na mwaka wa neema. Siku nilipolipata jibu hilo mwenyewe, saa nane usiku, nilicheka peke yangu kama chizi.

Modeli nyingi hazitoi jibu safi hivyo, ndipo unapohitaji Dynare, programu ya kukokotoa modeli kwa kompyuta. Ni ya bure na inafanya kazi ndani ya Octave, programu ya hesabu nayo ya bure, kwa hiyo usiuze kiwanja kwa ajili ya leseni ya MATLAB, ndugu yake wa kulipia. Ila ukiandika k, Dynare inahesabu mtaji wa mwisho wa kipindi. Mtaji unaozalisha leo uliamuliwa jana, hivyo kwenye mstari wa uzalishaji unaandika k(-1). Mimi niliandika k. Programu ikagoma: masharti ya Blanchard na Kahn, ya modeli kuwa na suluhisho moja tulivu, hayajatimia. Siku tatu nabadilisha vigezo (namba kama alfa na beta), namlaumu mwandishi wa makala niliyokuwa naiiga, kumbe zimepungua alama nne tu za kibodi.

Sharti la transivesaliti usiliruke kwenye mtihani. Maana yake ni usilimbikize milele ambacho hutakuja kukila. Wanaokutisha na topolojia, hisabati ya juu zaidi, waache, sasa hivi kazana na Lagrange (kutafuta kilele chini ya masharti) na matriki.

Halafu vigezo. Vya modeli ya Kydland na Prescott ya kupanda na kushuka kwa uchumi, 1982, vilichaguliwa kuendana na uchumi wa Marekani, kwa robo mwaka. Usivibandike kwenye tasnifu ya Tanzania ukitegemea mtahini hatauliza umevitoa wapi. Mimi niliulizwa.