Usiache Kihaya: hesabu maneno ya lugha zote mbili

Mkuu, umesema binti yako ana miezi 18, nyumbani mnaishi na bibi yake na mnaongea Kiswahili na Kihaya, ana maneno kama kumi tu ya Kiswahili, na kliniki mmeshauriwa muache Kihaya asije akachanganyikiwa. Nakuomba usikiache. Mimi nilishauriwa hivyo hivyo, nikatii kwa miezi mitatu, na bado naumia nikikumbuka.

Mimi ni Mjaluo wa Rorya, mke wangu kwao Tanga, tunaishi Mwanza. Mchana kutwa kijana wetu alikuwa na mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Tulipomwambia aongee Kiswahili tu, akanyamaza. Hadithi ziliisha, nyimbo zikaisha. Mtoto hakupata Kiswahili zaidi. Alichopata ni bibi asiyesema.

Kilichonirudisha ni kikombe cha plastiki. Mtoto alikishika, akamwendea bibi yake: "Pi." Bibi alikuwa amesinzia. Akageuka, akaja jikoni kwa mama yake, akakiinua kile kile: "Maji." Hapo nikajiuliza, aliyechanganyikiwa angejuaje nani anaombwa kwa neno lipi?

Nikanunua daftari, nikaandika kila neno alilotamka. Kiswahili 11, Kijaluo 14. Kumbe tulikuwa tunahesabu nusu ya mtoto! Huko Miami, mwaka 1993, Barbara Pearson na wenzake walifuatilia watoto wa Kihispania na Kiingereza. Walipojumlisha lugha zote mbili, hawakukuta ushahidi kwamba watoto hao wako nyuma ya wenzao wa lugha moja.

Kuhusu masikio yao, kuna utafiti wa Barcelona naupenda sana. Kikatalani kina "e" za aina mbili, Kihispania kina moja. Laura Bosch na Núria Sebastián-Gallés (2003) waliwapima watoto wanaosikia lugha zote mbili: wa miezi 4 walizitofautisha, wa miezi 8 hawakuonyesha tofauti, wa miezi 12 wakazitofautisha tena. Ukimpima mtoto huyo katikati unaweza kudhani amekwama, kumbe bado anapanga sauti. Na sisi mzigo huo tunao: Kijaluo kina irabu tisa, Kiswahili tano.

Halafu usimwachie YouTube kazi ya lugha. Patricia Kuhl na wenzake, Seattle, mwaka huo huo wa 2003, waliwaletea watoto wa Kimarekani wa miezi 9 Wachina waliocheza nao na kuwasomea vitabu, vipindi 12. Wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Waliopewa watu wale wale kwenye televisheni hawakujifunza kitu. Ndiyo maana nasema bibi anayeongea Kihaya chake kwa raha ana faida kuliko bibi anayehangaika na Kiswahili.

Ila kama ukimwita kwa nyuma hageuki, haonyeshi vitu kwa kidole, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea, hilo usilitupie lugha mbili. Mpeleke wiki hii hii hospitali yenye daktari wa masikio, apimwe usikivu.

Kama hayo hayapo, kaa na bibi yake jioni, andikeni maneno yote kwa wiki moja, hata yale yasiyonyooka ambayo nyie wenyewe mnayaelewa. Kisha uje utupe jumla hapa, tuko pamoja.