Usiguse Kitelezi Kabla Hawajaandika

Mwalimu mmoja wa Kibosho ameniandikia. Ana laptop moja, projekta ya kuazima na Kidato cha Tatu kilichofurika, na anauliza aanzie wapi na GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchorea grafu. Anzia kwenye grafu ya kwadratiki, mwalimu, na kipindi karibu chote kipe herufi b ya ax^2 + bx + c.

Pakua GeoGebra Classic 5 ukiwa Moshi mjini, uibebe kwenye flashi. Kwa kufundishia ni bure, na ikishaingia kwenye kompyuta haidai intaneti. Kuza maandishi hadi 28 na nenepesha mchoro, la sivyo mchana walio nyuma hawaoni kitu.

Andika f(x) = a x^2 + b x + c, ukiacha nafasi kabla ya kila x. Programu ikiuliza kama itengeneze vitelezi, yaani vitufe vya kuburuta ili kubadili thamani ya a, b na c, kubali. Hatua ya kitelezi huwa 0.1, ifanye 1 ili wanafunzi wapate namba nzima. Weka a = 1 na c = 2, kisha andika pointi ya mgeuko, pale grafu inapogeuka: V = (-b/(2a), f(-b/(2a))).

Mabano ya 2a ndipo wengi wanapoteleza. Ukiandika -b/2a, programu inagawanya kwa 2 halafu inazidisha kwa a. Kwa a = 1 kosa linajificha; ukija kuweka a = 2 na b = 4, pointi inaruka hadi x = -4 wakati grafu inageukia -1, na darasa zima linakuangalia wewe.

Kazi ya c na a wataiona upesi: c inapandisha na kushusha, a inabana na kutanua, ikiwa hasi inapindua. Kisha uliza: b ikiongezeka, grafu inakwenda wapi? Wengi watasema inasogea pembeni tu. Usiguse kitelezi! Mwalimu anayekisogeza mapema anawaonyesha sinema, na sinema haijibu mtihani. Kila mmoja akokotoe V daftarini kwa b = -4, -2, 0, 2 na 4. Watapata (2, -2), (1, 1), (0, 2), (-1, 1) na (-2, -2). Waziweke kwenye karatasi ya grafu, waziunganishe. Inatokea parabola nyingine, yaani mkunjo uleule wa kwadratiki, ila imepinduka.

Hapo ndipo ubonyeze V kwa kitufe cha kulia cha mausi, uiamuru iache alama inapopita, usogeze b polepole. Umeme ukikatika katikati, projekta itazima lakini somo halisimami, maana pointi zote ziko daftarini.

Watakaowahi kumaliza wadai sababu. Kwa kuwa a = 1, kwenye mgeuko x = -b/2, kwa hiyo b = -2x. Wakiingiza hiyo kwenye x^2 + bx + 2 wanapata y = 2 - x^2, mchoro uleule walioukuta kwa penseli.