Mwanangu Tupo, kuhusu mdudu wa Abingdon

Mbeya, Jumapili jioni

Mwanangu Tupo,

Umeniuliza kama yule mdudu wa jamii ya kamba, Stygobromus lucifugus, aliyetoka kisimani Abingdon, Illinois, Marekani, ametoweka kweli au watu wamechoka kumtafuta. Mwanasayansi Hay alimtambulisha kwa wataalamu mwaka 1882: hana macho, hana rangi, na jina lake la pili maana yake ni mkimbia mwanga. IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, imeshamwandika kuwa ametoweka.

Mimi naanza kwa kuuliza waliomtafuta walishushaje wavu kisimani. Unajua msemo wangu, na ndugu zako wameuchoka: kisima ni tundu la sindano kwenye kanga, kwa tundu hilo huwezi kusoma jina. Wavu uwe na matundu madogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na uzito wa madini ya risasi chini wa kuuzamisha. Ufike hadi kwenye tope, uuinue na kuushusha kama mara kumi ili tope litibuke, kisha uvute taratibu. Ukivuta kwa pupa, maji yanasukumwa pembeni na mdudu anakwenda nayo. Pampu usiitumie, inaweza kuwakatakata. Kisima kilichotiwa klorini juzi, au chenye kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) ya matundu membamba, kitakupa wavu mtupu hata kama wamejaa nyuma ya bomba. Chambo cha nyama kiwe kidogo, ukitoe baada ya siku moja, kwani kikioza kinamaliza oksijeni na kuwaua uliokuja kuwatafuta. Ukimpata, mtie kwenye spiriti ya asilimia 95, na kesho yake ibadilishe, maana maji ya mwili wake yameshaizimua.

Sasa ngoja nikwambie la Shelta, ingawa hukuuliza. Ni pango lililo chini ya jiji la Huntsville, Alabama, lenye kamba mdogo mwenye magando, Orconectes sheltae. Mwaka 1968 wenye pango waliweka lango kuzuia wavamizi. Nia njema kabisa! Popo wakashindwa kupita, wakahama, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa kinalisha pango. Lango likabadilishwa mwaka 1981, likawekwa nondo za kulala ambazo popo anapenya. Hawakurudi. Hilo lango linaniuma hadi leo, utadhani nililichomelea mimi. Kamba yule alionekana mara ya mwisho mwaka 1988, watu wakaanza kumwombolezea, kisha akaonekana tena 2019 na 2020.

Utasema Shelta mtu anaingia na taa, anazama, anaangalia, Abingdon ni shimo tu. Ni kweli. Na IUCN haiandiki kwa kubahatisha. Lakini mdudu wa maji ya chini haishi kisimani, anaishi kwenye nyufa za mwamba, kisimani anapita tu. Kwa hiyo kisima kikiwa kitupu... hapana, nisikulazimishe. Kinaweza kuwa kitupu kwa sababu hayupo.

Mama yako anasema niandike "ametoweka" tukale. Sijaandika.

Mkienda mapango ya popo kule Songwe, wavu uko stoo, nyuma ya mtungi. Badilisha kamba (ya kufungia, si ya kuliwa), imeoza karibu na fundo.

Baba yako