Mpira wa kifuniko cha tanki usizibwe

SWALI: Nina Honda XL 125 ya zamani. Mpira mwembamba unaotoka juu ya kifuniko cha tanki ulikatika, fundi akaziba kijibomba kilichobaki kwa skrubu ili petroli isinirukie. Tangu hapo pikipiki inazima baada ya kilomita chache, hasa nikitoka kujaza mafuta. Nikipumzika dakika kumi inawaka. Plagi nimebadilisha, kabureta imeoshwa mara mbili. Nini tena?

JIBU: Skrubu hiyo. Itoe kabla hujanunua kitu kingine.

XL haina pampu ya mafuta. Petroli hushuka kwa uzito wake. Inapopungua, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Ukiziba, tanki linaanza kuinyonya petroli irudi juu, nayo inashuka kwa matone, kikombe cha kabureta kinakauka, injini inazima. Tanki likijaa, nafasi ya hewa ni finyu, hivyo mnyonyo unakuja upesi zaidi. Ukipumzika, hewa inajipenyeza taratibu na mafuta yanashuka tena. Hakikisha hivi: ikizima, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia "fyuu", kisha ikawaka baada ya nusu dakika, kabureta haina kosa.

Fundi hakukosea kuogopa petroli kuruka, ila dawa yake ni mpira mpya. Nunua mpira wa petroli unaobana kijibomba vizuri, kama sentimita 30. Usitumie mpira wa dripu: petroli huukausha ukapasuka. Mwisho wake uchomeke kwenye tundu la nati kubwa katikati ya usukani, mvua na tope visiufikie. Kata usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Usivutike wala kukunjika. Usiuache ukining'inia karibu na ekzosi.

Kabla ya kuufunga, shika kifuniko wima upulize kupitia mpira: hewa itokee chini. Isipopita, safisha kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Vifuniko vingine vina kigololi kinachoziba pikipiki ikianguka, kwa hiyo ukikipindua kikakataa hewa, si ubovu.

Wenye CG 125 hawana mpira huo; hewa hupita kwenye kijitundu cha kifuniko chenyewe, ambacho vumbi na sabuni ya kuoshea huziba. Na mpira unaoshuka chini ya tanki kwenye pikipiki zenye kifuniko kilichozama ni wa kutoa maji ya mvua yanayotuama hapo. Ukiziba huo, maji yataingia kwenye petroli.