Winga wa miaka 17, Uturuki na milioni 3

Ndugu yangu wa Ujiji, nimekuelewa: mdogo wako ni winga, ana miaka 17, na "wakala" anataka milioni 3 za majaribio Uturuki. Mzee yuko tayari kuuza mashine ya mtumbwi. Msihini asiuze.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache ambayo kwenu siyaoni. Wakala wa kweli angewaambia. Mdaini leseni ya FIFA, kisha mtafuteni jina lake kwenye tovuti yao. Tena wakala hulipwa mkataba ukisainiwa, hagusi mtaji wenu wa dagaa. Mimi niliwahi kuliwa nauli hivyohivyo. Klabu yenyewe haikunijua.

Winga wetu Simon Msuva alipotoka Yanga kwenda Difaâ El Jadidi ya Moroko mwaka 2017, alikuwa ameshakuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Kijana atafute timu ya ligi kwanza, awe na video za mechi nzima (siyo chenga tu, makocha wanataka kuona anavyorudi kukaba). Mkataba ukija, mwanasheria ausome, na uhamisho upitie TFF (shirikisho letu la soka). Pasipoti akae nayo mwenyewe.