Maswali ya Wasomaji: Kura mbili katika mhadhara wa fizikia

SWALI: Nafundisha fizikia mwaka wa kwanza, darasa la watu zaidi ya 200. Nasikia sifa za Eric Mazur wa Harvard. Alibadilisha nini hasa, na inawezekana bila vifaa vya kielektroniki? (Mhadhiri, Dodoma)

JIBU: Inawezekana. Mazur, mzaliwa wa Amsterdam, alianza kufundisha Harvard mwaka 1984. Wanafunzi walimsifu na hesabu walizipata. Mwaka 1990 aliwapa mtihani wa dhana za kani usio na ukokotoaji, wengi wakaboronga. Mmoja aliuliza: nijibu ulivyotufundisha au ninavyofikiri mimi?

Basi akapunguza kuhadhiri. Wanafunzi husoma sura kabla ya kipindi. Wewe eleza dhana moja kwa dakika saba hadi kumi, kisha uliza: lori na bajaji zikigongana uso kwa uso, ipi inaisukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Wafikiri kimya dakika moja, kila mtu peke yake, wapige kura. Waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti wabishane dakika mbili hadi nne, kisha wapige kura tena. Chini ya 30, rudia somo kwa njia nyingine. Juu ya 70, fafanua kidogo usonge mbele. (Kani ni sawa. Bajaji huumia zaidi kwa kuwa tungamo lake dogo hupata mchapuko mkubwa.)

Kadi nne za manila zenye rangi tofauti kwa kila mwanafunzi, kila rangi ikiwa jibu moja, zinatosha, zishikwe kifuani ili jirani asione. Kunyoosha mikono hakuaminiki sana: wengi humtazama yule anayeongoza darasa. Usitangaze matokeo ya kura ya kwanza kabla ya mjadala, la sivyo watafuata wengi na ubishi utakufa. Na mtihani wa mwisho ukibaki wa kukokotoa tu, mwezi wa pili hakuna atakayebishana; tia humo maswali ya dhana.

SWALI: Nitamthibitishiaje mkuu wa idara kwamba njia hii inafaa? Na je, Mazur aliacha utafiti?

JIBU: Hakuacha. Maabara yake ndiyo iliyogundua njia ya kutengeneza kwa leza silikoni nyeusi, yaani silikoni inayofyonza karibu mwanga wote, na mwaka 2014 ufundishaji ulimpatia Tuzo ya Minerva, dola 500,000.

Kwa mkuu wako, toa mtihani uleule wa dhana wiki ya kwanza na ya mwisho. Chukua ongezeko la wastani, ligawe kwa pengo lililokuwapo hadi 100. Kutoka 40 hadi 70 ni 30 kwa 60, yaani 0.5. Mwanafizikia Richard Hake alipokusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 mwaka 1998, madarasa ya mihadhara mitupu yalipata wastani wa 0.23, yale ya kushirikisha, 0.48. Usiwarudishie karatasi za mtihani wa kwanza, wala usiyatumie maswali yake darasani.