Ukihariri makala ya tamthilia, kitabu kiwe mkononi

Makala ya kwanza niliyoigusa kwenye Wikipedia ya Kiswahili ilihusu Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Niliichagua kwa sababu ni yetu. Mwandishi ni mzaliwa wa Kilwa, na Vita vya Majimaji viliwaka Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, mkoa huu huu wa Lindi. Usiku mmoja nikiwa na simu na bando la usiku, nikabonyeza Hariri na kuandika aya nzima kutoka kichwani: Kinjeketile anawapa watu maji ya dawa, wakiamini yatawakinga na risasi za Wajerumani, vita vinapiganwa, kisha Wajerumani wanamnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Nikachapisha, nikalala.

Asubuhi aya haipo. Mhariri mwingine ameiondoa, na kwenye historia ya ukurasa ameacha maneno machache: hakuna chanzo, na hayo hayamo kwenye tamthilia. Niliumia sana. Nusura niirudishe kwa hasira, na ndiyo maana nakuomba wewe usifanye hivyo. Mkianza kurudishiana, mwisho wake ni kufungiwa kuhariri. Nenda ukurasa wa Majadiliano, uliza kwa adabu kosa liko wapi, halafu toka ukatafute kitabu.

Mimi nilibisha hodi kwa jirani, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaingia ndani na kutoka na nakala isiyo na jalada, mgongo umeshikwa na solotepu iliyogeuka rangi ya chai, pembezoni mwa kurasa kumejaa penseli ya darasani. Nikaisoma pale pale barazani mpaka adhana ya magharibi. Nilipomwonyesha aya yangu, alikaa kimya kidogo, akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyu uliyemnyonga ni yupi?"

Maana wako wawili. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa wiki chache tu tangu vita vianze, kabla havijasambaa kusini yote. Kinjeketile wa jukwaani anaishi hadi kuyaona maafa. Mwishoni yuko gerezani pamoja na mhusika mwenzake Kitunda, ameumizwa, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anaamini neno limekwisha kuzaliwa na watoto watalirithi. Hussein mwenyewe ametahadharisha kwamba mhusika wake ameumbwa na fikra, si yule wa historia. Mimi nilikuwa nimechukua kitanzi cha historia nikakitundika kwenye mchezo, nikalifuta swali zito kuliko yote aliyotuachia mwandishi: mtu afanye nini na neno alilolianzisha mwenyewe, likishakuwa la watu?

Kwa hiyo tenga sehemu mbili. Usuli wa kihistoria uwe na vyanzo vya historia. Muhtasari wa mchezo uufuate mchezo, onyesho kwa onyesho, kwa wakati uliopo: Kinjeketile anatoka majini, anasema, anakataa. Hapo tamthilia yenyewe yatosha kuwa chanzo. Ila ukitaka kusema maji ni ishara ya umoja, mtaje mhakiki aliyelisema hilo na ukurasa wake. Tafsiri yako, hata iwe nzuri namna gani, iandike kwingine.

Sehemu ngumu ni maonyesho. Tamthilia huishi jukwaani, na nyingi za kwetu zimechezwa shuleni na kwenye kumbi za vijiji bila kuandikwa popote. Mimi mwenyewe nimeuona mchezo huu ukichezwa shuleni: chungu cha maji kilikuwa ndoo iliyopakwa udongo mwekundu, na aliyecheza Kinjeketile alitetemeka mpaka mama mmoja mbele akasimama. Siwezi kuliweka hilo kwenye makala. "Nilikuwepo" si chanzo. Kama una gazeti la zamani au karatasi ya ratiba ya onyesho yenye tarehe na majina, itunze, hiyo ina thamani.

Jalada usilipige picha ukalipandisha, lina hakimiliki. Picha uliyoipiga mwenyewe Kilwa Kivinje, mahali ambapo makala inapazungumzia, hiyo ruksa.

Aya yangu mpya ilikuwa na sentensi sita. Niliiweka kwanza kwenye Majadiliano, na aliyeniondolea ile ya mwanzo ndiye aliyenijibu. Alisahihisha neno moja, akaniambia niichapishe.